Fataki ya risasi

Fataki ya risasi ni kikombe kidogo cha metali chenye kemikali inayolipuka inapogongwa. Hukaa kwenye kitako cha ganda la risasi, na kazi yake ni kuwasha baruti iliyomo ndani ya ganda. Fataki zinafanana sana kwa macho, lakini si kila fataki inayoingia kwenye tundu la ganda inafaa kwa risasi hiyo.

Neno "fataki" hutumika pia kwa milipuko ya sherehe. Nchini Tanzania lilipata maana ya mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, kutokana na kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000. Makala hii inahusu kifaa cha silaha tu.

Asili

Bunduki za zamani ziliwashwa kwa utambi au kwa cheche za jiwe la gumegume, na mvua iliweza kuzinyamazisha. Mwaka 1807 mchungaji wa Uskoti, Alexander John Forsyth, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali. Baadaye kemikali hiyo ikawekwa ndani ya kofia ndogo ya shaba iliyovishwa juu ya chuchu ya bunduki. Gobore nyingi za Afrika Mashariki hufanya kazi hivyo hadi leo: baruti na goroli hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na fataki huwekwa nje. Ndiyo sababu taarifa za polisi kuhusu gobore zilizokamatwa mara nyingi huhesabu fataki, baruti na goroli kila kimoja peke yake.

Katika risasi za kisasa vyote vimo ndani ya ganda moja. Mitindo miwili ya fataki ilianza miaka ya 1860. Ule wa Mmarekani Hiram Berdan umeenea zaidi Ulaya na katika risasi za kijeshi. Ule wa Mwingereza Edward Boxer umeenea Marekani. Kila mmoja alishinda ugenini. Ganda la Boxer lina tundu moja la kupitisha moto, katikati, hivyo fataki iliyotumika husukumwa nje kwa pini kwa urahisi. Ganda la Berdan kwa kawaida lina matundu mawili madogo pembeni, na kuitoa fataki yake ni kazi ngumu. Fataki za mitindo hii hazibadilishani.

Kuchagua na kubadilisha

Watu wanaojaza upya maganda, hasa walenga shabaha na wawindaji katika nchi zinazoruhusu, hukutana na vipimo viwili vikuu vya Boxer: fataki ndogo yenye kipenyo cha milimita 4.45 na kubwa ya milimita 5.33. Kipenyo peke yake hakitoshi. Fataki kubwa ya bunduki ndefu ni ndefu kidogo kuliko fataki kubwa ya bastola. Ikitiwa kwenye ganda la bastola hutokeza nje, na inaweza kugongwa silaha inapofungwa. Ya bastola ikitiwa kwenye ganda la bunduki ndefu huzama mno. Tena kikombe chake ni chembamba, na shinikizo la bunduki ndefu linaweza kukitoboa na kurudisha gesi ya moto upande wa mpigaji.

Kuna pia fataki zenye moto mkali zaidi, kwa ajili ya baruti nyingi inayowaka polepole au mazingira ya baridi kali. Kuweka fataki hiyo mahali pa ile ya kawaida kunaweza kupandisha shinikizo bila kuongeza hata chembe ya baruti. Kwa hiyo anayebadilisha fataki, hata kwa ya kampuni nyingine yenye kipimo kilekile, hurudi kwenye kiasi cha chini cha baruti katika jedwali la mtengenezaji, kisha hupanda polepole. Bunduki za kijeshi zinazojijaza zenyewe huhitaji fataki ngumu kiasi, kwa kuwa katika nyingi pini ya kugongea huelea na huigusa fataki kidogo kila risasi inapoingia.

Moshi, 1915

Mfano mkubwa wa kubadilisha fataki katika Afrika Mashariki ulitokea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Koloni la Kijerumani lilikuwa limezingirwa baharini, na askari wengi wa Schutztruppe bado walitumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo moshi wake uliwaonyesha mahali walipojificha. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki na risasi. Ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth na kuzamishwa katika maji ya kina kifupi. Wajerumani waliopoa shehena, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari.

Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck alieleza katika kumbukumbu zake kwamba risasi zilifunguliwa, baruti ikasafishwa, na baadhi zikatiwa fataki mpya. Fataki zilikuwepo koloni, ila kazi ya kutengeneza upya risasi hizo huko Moshi ilichukua miezi. Risasi ambazo hazikuharibika ziliwekwa kwa ajili ya bombomu. Zilizogoma takriban asilimia 20 zilipelekwa vitani. Zilizogoma zaidi zilitumika mazoezini. Askari aliyepewa zile za vitani aliingia mapambanoni akijua kwamba risasi moja katika tano huenda isilie.

Kutu na hifadhi

Fataki za zamani zenye klorati ya potasiamu huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na katika hewa ya pwani kama ya Dar es Salaam kutu huweza kuanza haraka. Mafuta peke yake hayaiondoi. Huoshwa kwa maji, kisha mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta. Fataki nyingi za leo hutumia kemikali zenye plumbi, zisizoleta kutu hiyo lakini zenye vumbi la sumu.

Fataki huhifadhiwa katika pakiti zake za asili, ambazo huzitenganisha moja moja. Zikimwagwa pamoja katika chupa au kopo, moja ikilipuka inaweza kulipua zote.

Nchini Tanzania umiliki wa silaha na risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na huhitaji leseni.