Shaaban Isiyokuwa na Harusi: Kazi Ilivyopotea na Kurudi Bagamoyo



Mnajua wenyewe Shaaban ya pwani ilivyo. Kila nyumba yenye bibi harusi inataka kumaliza shughuli kabla Ramadhani haijaingia, na sisi mafundi hatulali. Mwaka 2020 Shaaban iliingia mwishoni mwa Machi. Siku chache kabla yake, tarehe 16 Machi, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake ikatangazwa kuwa shule zinafungwa na mikusanyiko inazuiwa.

Tanzania haikufungia watu ndani kama nchi nyingine. Misikiti ilibaki wazi na masoko yaliendelea. Lakini kazi haingojei amri ili ikimbie. Wageni waliacha kuja, semina za watu wa Dar es Salaam ambazo ndizo zinazoziweka hai hoteli zetu zikafutwa, na Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Kwangu mimi, harusi nne ziliahirishwa ndani ya wiki mbili. Advansi za mabibi harusi wale zilikuwa zimeshageuka lesi na shanga za Kariakoo. Pesa ya watu sina, na gauni hawalihitaji tena. Nililala na hofu ya deni kuliko hofu ya ugonjwa.

Ndipo nikaanza kuuliza: waliotutangulia pwani hii walipitaje?

Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara hadi Pangani, kikafuata pwani na kuvuka bahari mpaka Unguja. Daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa akiishi Unguja wakati huo, James Christie, aliandika kitabu kizima kuhusu maradhi hayo, kikachapwa mwaka 1876. Watu walikufa kwa maelfu. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu, haikusalimika.

Lakini biashara ilirudi upesi. Februari 1871 Henry Morton Stanley alishuka Bagamoyo akitafuta wapagazi wa kumpeleka bara, na kuanzia mwezi huo huo misafara yake ikaondoka na marobota ya nguo, kwa sababu huko bara merikani na kaniki ndizo zilizokuwa pesa. Sisi watu wa vitambaa tuna historia, dada zangu.

Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, ikaja tufani. Iliharibu mji wetu, misheni ya hapa Bagamoyo ikabomoka, na Unguja ikapoteza sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba haikuguswa sana. Karafuu ilirudi kuwa utajiri wa visiwa, ila kuanzia hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Na waliopanda upya na kuchuma walikuwa zaidi watumwa, ambao jina lao halimo katika hesabu ya faida.

Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Uchumi unaweza kurudi, lakini haurudi lazima pale pale, wala kwa watu wale wale.

Sasa tazameni hesabu za juzi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Zanzibar peke yake ilishuka kutoka 538,264 hadi 260,644. Anga lilifunguliwa Mei 2020, na wageni wakarudi polepole. Kufika 2022 nchi nzima ilipata 1,454,920, na Zanzibar 548,503, yaani ilishapita ile ya mwaka 2019. Ukiishia hapo utasema alhamdulillah, mambo yamerudi yote.

Mimi nina daftari langu la oda, na lenyewe linasema kwa mpangilio mwingine.

Aprili na Mei 2020 kurasa zote ni barakoa. Serikali ilihimiza tushone za vitambaa hapa hapa nchini, na vipande vya kitenge nilivyokuwa nikivitupa vikawa ugali wa watoto. Sikukuu ya Idd ilipofika Mei 24, nilishona madera machache ya watoto, ya watu wazima karibu hakuna.

Mfunguo mosi harusi zikaanza kurudi, nikashangaa. Zilikuwa ndogo: nikaha ya nyumbani, watu wa karibu, bila ukumbi. Wawili kati ya wale mabibi harusi wangu wanne waliolewa hivyo, na gauni nililipunguza nakshi ili bei ishuke. Wa tatu alisubiri mwaka mzima. Wa nne nilimrudishia pesa yake kwa mafungu matatu, na mama yake akanivumilia, Allah amlipe. Mchezo wetu wa kupeana ulikuwa umesimama, ulipoanza tena kila mtu alitoa nusu ya kiwango cha zamani.

Januari 2022 kurasa ni sare za shule. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amezindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ilijenga madarasa 15,000. Waliochaguliwa kidato cha kwanza wakaingia wote kwa pamoja. Mafundi ujenzi walipata kazi kwanza, sisi wa cherehani tukapata baada yao. Oda ya kwanza kubwa ya hoteli, mapazia na sare za wahudumu, nimeiandika katikati ya mwaka huo. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita.

Lakini kuna majina ambayo hayakurudi. Nilikuwa na mabinti wawili wanaojifunza kwangu. Niliwaambia warudi nyumbani kwa mwezi mmoja, maana sikuwa na cha kuwapa. Mmoja alirudi. Mwingine alikwenda Dar kufanya kazi za ndani, na mkono wake ule mzuri wa kutarizi sijui leo unafua nguo za nani. Jirani yangu alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya ufukweni kwa miaka saba. Hoteli ilipofunguliwa tena ilianza na nusu ya wafanyakazi, naye hakuitwa. Leo anakaanga vitumbua alfajiri. Hajakaa bure, kwa hiyo ukimuuliza mtu wa takwimu, huenda akamhesabu kuwa ana kazi. Ila mshahara wa mwezi umekuwa riziki ya siku, na mvua ikinyesha hakuna.

Kila mara napofungua daftari langu nakumbuka aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Haizungumzii vita wala falme. Inatuamuru tuandike deni, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na tuweke mashahidi. Laiti ningekuwa nimeandika advansi zote vizuri toka mwanzo, ningeokoa machozi mengi mwaka ule.

Kwa hiyo, bibi harusi mtarajiwa, ukimpa fundi advansi, muandikiane: kiasi, tarehe, na mtafanyaje shughuli ikiahirishwa. Si kukosa kuaminiana, ni Sunna ya kulinda undugu. Na wewe dada mwenye kibanda, cherehani au jiko, andika kila siku umeuza nini na umemlipa nani. Na ukiandika faida iliyorudi, andika pia jina la binti uliyemuaga. Mimi jina la yule wa kutarizi bado liko kwenye daftari langu, ukurasa wa Machi 2020, na nafasi yake kwenye cherehani ya pili sijampa mtu. Kama ndugu yake anasoma hapa, mwambieni kazi ipo, arudi.

Allah awarehemu tuliowapoteza katika maradhi yale, awape mabibi harusi wetu ndoa zenye kheri, na atupe riziki ya halali yenye baraka. Amin.