Gari la rimoti lililopita kilomita 300 kwa saa

Wadau, hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1966 kampuni ya El-Gi ya Italia ilitoa gari la rimoti lenye umbo la Ferrari 250LM. Miaka 48 baadaye, Oktoba 2014, Mmarekani Nic Case alifikisha gari lake la betri, R/C Bullet, kilomita 325.12 kwa saa huko St George, Utah. Ilikuwa rekodi ya dunia wakati huo.

Je, siri ni mota kubwa tu? La hasha! Ukitaka mwendo mara 2, nguvu ya kushinda upepo inapanda mara 8. Tena hewa ikijaa chini ya pua, gari linapaa na kuvunjika. Kwa hiyo kabla ya kuongeza betri, chonga bodi kwanza.