Afya Katika Nchi ya Masasi na Newala: Kazi ya Mila na Umoja

Chama kinapotimiza miaka kumi ni desturi kuhesabu magunia, tani na shilingi. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tuliopewa kurasa hizi tumeona vema kuandika habari ya mali nyingine, isiyopimwa kwa mizani ya ghalani, nayo ndiyo inayopalilia mikorosho na kubeba magunia: afya ya mkulima na ya watu wa nyumbani mwake. Twataka kuonyesha, kwa mambo yaliyotukia katika nchi yetu wenyewe, kwamba afya ilimfikia mnyonge kila ilipopita katika mlango wa mila na kushikwa na mikono ya watu wengi. Na kila ilipokosa mlango huo iliishia kwa wachache wenye uwezo.

Tuanze na nchi yenyewe. Anayesimama Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu, huona bonde la Ruvuma likienea mbali chini yake, naye huweza kukosa maji ya kunywa. Udongo wetu wa juu ni mchanga mzito. Mvua ikinyesha huzama, kisha hutokea chini kabisa, kwenye chemchemi za miguuni mwa uwanda. Mbona basi wazee walikaa mahali pasipo maji? Walikaa kwa sababu ya usalama. Katika karne ya 19 biashara ya watumwa ilipita katika mabonde, na mashambulio ya Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, yalifika mara kwa mara. Mwaka 1882 waliivamia Masasi, ambako mwaka 1876 Askofu Steere alikuwa ameweka makazi ya watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Vichaka vya uwanda wa juu vilikuwa ngome. Wazee walichagua kiu kuliko minyororo.

Lakini mzigo wa uchaguzi ule uliangukia vichwa vya wanawake. Bibi zetu waliamka jogoo la kwanza, wakateremka genge na mitungi, wakapanda tena jua likiwa kali. Maji ya namna hiyo hayaogeshi mtoto kila siku wala hayafui nguo. Upele, macho mabaya na kuhara havikuwa bahati mbaya tu: vilitoka katika umbali wa chemchemi. Na katika nyumba ya mgonjwa, au ya mjane mzee asiye na binti, hapakuwa na wa kuteremka isipokuwa jirani mwenye huruma. Tangu zamani, basi, afya ya mnyonge katika nchi yetu ilitegemea ujirani.

Sasa tutazame mila iliyo kubwa kuliko zote kwetu, yaani jando na unyago. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wote wanayo, kila kabila kwa namna yake. Kumbini kijana hufundishwa adabu, uvumilivu na kazi za mtu mzima. Kwa makungwi msichana hufundishwa mwili wake na wajibu wake. Siku ya kutoka ngoma hulia na midimu hucheza, na kijiji chote hula pamoja. Mafundisho ya kumbini hayasahauliki, kwa maana hufundishwa na watu wanaoheshimiwa, wakati ambapo masikio ya mtoto yamefunguka.

Wamisionari wa kwanza wengi waliona jando kuwa giza tupu. Matokeo yake Wakristo wengi waliwapeleka watoto wao kwa siri, na mlango kati ya wazee na waalimu ukafungwa. Huko Masasi neno jipya lilianza mwaka 1913. Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi, pamoja na mapadre na waalimu Waafrika waliokuwa wenyewe wana wa mila hiyo, waliweka jando la Kikristo. Kumbi lilibaki, kukaa faragha kulibaki, furaha ya kutoka ilibaki. Sala ziliwekwa mahali pa matambiko, na mafundisho yaliyoonekana mabaya yaliachwa. Wako waliolisifu jambo hilo na wako waliolilaumu, hata leo. Sisi twachukua humo fundisho moja: anayetaka kuwabadili watu katika jambo la mwili, hana budi kwanza kukaa nao pale wanapoufundisha mwili.

Njia hiyo ilifuatwa pia katika uuguzi. Mwaka 1935 Daktari Leader Stirling alikuja nchi yetu, akafanya kazi Lulindi miaka mingi katika hospitali iliyojengwa kwa vitu vya nchi, udongo na nyasi. Hakungoja kuletewa wauguzi kutoka Ulaya. Aliwafunza vijana wa hapa hapa, nao ndio walioeleweka na wagonjwa, kwa kuwa walijua lugha na miiko ya nyumbani. Baadaye alihamia Mnero, akawa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Ndanda nako watawa wa Kibenediktini waliendesha hospitali ambayo watu wa wilaya nyingi huikimbilia.

Habari ya maji ni ndefu, nayo ina fundisho lake. Katika miaka ya 1950 mitambo iliwekwa kuyasukuma maji kutoka mabondeni hadi juu, na watu wakayanunua kwa debe. Akina mama walishangilia. Hata hivyo debe ni debe: mwenye senti alichota, asiye nazo aliendelea kuteremka genge. Baada ya Uhuru Serikali iliona kwamba maji ni haki ya wote, na tangu miaka ya 1970 Finland ilisaidia kueneza visima na mabomba katika Mtwara na Lindi. Lakini bomba lisilo na mwenyewe hufa upesi. Pampu ikiharibika, au mafuta yakiisha, watu hurudi kwenye mtungi. Fedha za korosho nazo zilileta mabati, na mwenye mabati huchimba kisima cha saruji uani, akakinga mvua. Asiye na mabati hana cha kukingia. Hivyo mvua ile ile ya Mungu, inyeshayo juu ya paa zote, hugeuka kuwa mali ya wengine na kiu ya wengine. Vijiji vilivyoepuka aibu hiyo ni vile vilivyokubaliana kukinga maji ya paa la shule, la msikiti, la kanisa na la ghala, na kuweka zamu ya kuchota.

Kwamba jambo kubwa huwezekana watu wakikutana, lilionekana nchi nzima mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma kumi na mawili watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Kisha waliinuka wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Hakuna aliyeulizwa ana fedha kiasi gani. Aliulizwa ana jembe.

Ndugu Wanachama, tumeyataja mema. Haki yatudai tutaje na machungu.

Sisi tunaoandika tuliingia kumbini mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto kumi na wawili. Kisu kilikuwa kimoja. Baada ya siku chache majeraha ya watoto watatu yalianza kuoza. Wawili baba zao walikuwa na baiskeli na akiba ya korosho; walipelekwa kutibiwa upesi, wakapona. Wa tatu alikuwa mtoto wa mjane. Alingojewa hadi siku ya saba, na siku ya tisa tulimzika. Mama yake hakuambiwa, kwa maana desturi ilikataza habari za kumbini kutoka nje. Alikuja siku ya kutoka na kanga mpya ya kumpokea mwanawe. Hatujaweza kumsahau mama yule na kanga ile.

Msimu uliofuata wazee wenyewe waliketi. Hawakufuta jando. Walikata shauri kila mtoto awe na wembe wake, na kwamba mganga wa zahanati, kwa kuwa naye alikuwa amepita kumbini, aruhusiwe kuingia na dawa. Tangu hapo katika kijiji kile hatujamzika mtoto wa kumbini. Mila iliyomficha mtoto ndiyo iliyomfungulia mganga mlango. Ilihitaji tu wazee kukubali.

Elimu ya leo imeongeza sababu. Uchunguzi uliofanywa Afrika ya Kusini, Kenya na Uganda, uliotangazwa kati ya mwaka 2005 na 2007, ulionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Serikali yetu ilipoanza kampeni ya tohara iliikazania mikoa isiyo na jando. Sisi tulikuwa nalo tangu enzi za mababu. Lakini tohara ya kisu kichafu huleta lile inalopasa kuzuia. Wala tusijidanganye: tohara si ngao kamili. Kadhalika unyago unaomtoa binti shuleni, au kumwambia kwamba sasa yu tayari kuolewa angali mtoto, humvunjia afya kabla hajaipata. Jando na unyago vifanywe wakati wa likizo, na makungwi wafundishe kwamba kukua si kuolewa.

Je, Chama kinaingiaje? Kila mwanachama ajua kwamba fedha huja kwa majira. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwa korosho yetu katika msimu wa 2007/2008, malipo hupitia vyama vya msingi, kuanzia Oktoba. Homa nazo huzidi wakati wa mvua, na jando hufika katikati ya mwaka, mikono ikiwa mitupu. Ugonjwa haumngoji mkulima mnada. Kwa hiyo twaleta pendekezo kwa mikutano ya vyama vya msingi: kila mwanachama akubali mwenyewe, kwa kura, kutenga kiasi kidogo kwa kila kilo wakati wa kuuza. Fedha hiyo iwekwe kando, isomwe hadharani, nayo itumike kwa mambo matatu: vifaa safi vya kumbi, kisima cha paa la ghala, na mchango wa matibabu kwa wajane na wazee wasio na mashamba.

Wako watakaosema kwamba makato yametosha. Twawaheshimu, kwa kuwa makato yasiyosomwa hadharani yametuumiza sote. Ndiyo maana twasema kura kwanza, na hesabu mbele ya watu. Mizani ya ghalani hupima korosho ya tajiri na ya maskini kwa jiwe moja. Yatupasa kuhakikisha kwamba katika miaka kumi ijayo wembe, maji na dawa navyo vitapimwa hivyo hivyo, ili mama mwingine asije na kanga mpya mahali ambapo hapana wa kumpokea.

Umoja ni nguvu.