Mwaka 2016: viwanda vya chipu vilipopata sababu ya kuitazama Rukwa

Kama unatoka Suma au Tukuyu, gesi ya ardhini si habari ngeni kwako: Rungwe hutoa kabonidayoksaidi, ile ya kutia povu kwenye soda. Sasa sikia ya jirani zako wa Bonde la Rukwa. Wao wana heliamu.

Viwanda vya chipu vinaihitaji sana. Wakati wa kuchonga chipu, kisahani cha silikoni hupata joto. Heliamu hupitishwa nyuma yake kukipoza, maana hubeba joto upesi na haiungani na kitu.

Juni 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde hilo. Walieleza hivi: uraniamu na thoriamu huzalisha heliamu polepole ndani ya miamba ya kale, kisha joto la volkano huifungulia. Lakini ukisogea karibu mno na volkano, kabonidayoksaidi huizimua.

Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kiliileta hadi juu. Heliamu ikipotelea angani hairudi tena. Je, tutauza gesi tu, au tutasomesha na watengeneza chipu?