Taa ya Msafiri: Toka Kienge hadi Chemli

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu tunataja ngoma, mashairi, mavazi na mila za arusi. Ni mara chache tunavitaja vyombo vidogo ambavyo wazee wetu walivichukua mkononi walipokwenda mwituni kuwinda, kurina asali, au kusafiri mwendo wa siku nyingi. Hata hivyo vyombo hivyo vina historia yake, na historia hiyo ina mafunzo. Katika insha hii tutaitazama taa ya msafiri, na hasa swali moja ambalo kila msafiri hana budi kujiuliza kabla ya kutoka nyumbani: je, nuru hii ninayoitaka usiku itanilemea kiasi gani mchana?

Nuru ya kwanza ya msafiri ilikuwa moto wenyewe. Mtu alipekecha moto kwa vijiti, au alichukua kijinga toka kambi moja hadi nyingine akikitunza kisizimike. Alipotaka kuiona njia aliwasha kienge cha nyasi kavu au mwenge wa vijiti vilivyofungwa pamoja. Faida ya nuru hii ilikuwa kubwa, kwani haikuwa na uzito wa kuhesabika. Ghala yake ilikuwa msitu. Kasoro zake nazo zilikuwa dhahiri. Kienge huteketea upesi, upepo huzitawanya cheche zake, na cheche moja katika nyasi za kiangazi yaweza kuteketeza pori zima.

Watu wa pwani walikuwa na vyombo vingine pia. Maneno yenyewe yanatoa ushahidi: kandili na fanusi yametoka katika Kiarabu, nayo yanatukumbusha mawasiliano ya kale ya Bahari ya Hindi. Lakini taa iliyomfaa mtu aliyeketi barazani haikuwa lazima imfae mtu aliyebeba mzigo.

Hapa yafaa tumkumbuke mpagazi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka pwani, kama vile Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Mzigo wa mpagazi, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mtu wa namna hiyo hakuongeza kitu begani mwake bila kufikiri. Usiku alitosheka na moto wa kambi, na alfajiri aliianza safari mapema kabla jua halijawa kali. Wageni wa Ulaya waliopita njia hiyo walikuwa na mishumaa na taa zao, lakini waliozibeba hawakuwa wao. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Taa ni nyepesi sana ikiwa iko kichwani mwa mtu mwingine.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mafuta ya taa. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta huko Pennsylvania, Marekani, na baada ya hapo mafuta ya taa yalianza kuenea duniani kwa wingi. Mwaka 1868 Mmarekani mwingine, John Irwin, alipata hataza ya taa yenye mabomba mawili ubavuni. Mabomba hayo hupeleka hewa chini kwenye utambi, na kioo huuzunguka mwali, hata upepo wa nje ukivuma mwali hauzimiki kwa urahisi. Miaka michache baadaye taa hiyo ilitengenezwa upya ili mabomba yapeleke hewa safi isiyochanganyika na moshi, na nuru yake ikaongezeka. Hii ndiyo taa tunayoiita chemli, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bomba la kutolea moshi. Taa ndogo ya namna hii haizidi kilo moja kwa uzito, na ina mkono wa waya wa kuishikia au kuitundika.

Baada ya chemli ilikuja karabai ya pampu. Hiyo huyageuza mafuta kuwa mvuke, na mvuke huwaka ndani ya kifuko cha uzi kilichotiwa dawa. Ubunifu wa kifuko hicho ni wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, mwaka 1885. Nuru yake ni nyeupe na kali. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao hapo awali waliwavuta samaki kwa moto wa kuni juu ya mtumbwi, waliipenda mno, maana mtumbwi haulalamiki juu ya uzito. Lakini karabai ni nzito, na kifuko chake kikishaungua mara ya kwanza hubaki kama majivu, hukatika kwa mtikisiko mdogo.

Jambo hili nililijifunza kwa taabu. Katika kiangazi cha mwaka 1983 nilifuatana na babu yangu kwenda dago la warina asali katika misitu ya Tabora, mwendo wa siku mbili. Nilishikilia kuchukua karabai ya nyumbani ili nijionyeshe. Babu hakunikataza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, taa ya safari haipimwi kwa nuru, hupimwa kwa bega. Utaichukua mwenyewe." Tulipofika, bega langu lilikuwa limechubuka na kifuko kimekuwa vumbi. Yeye alikuwa na chemli ndogo na nusu chupa ya mafuta, kwani miaka ile mafuta yalikuwa adimu madukani. Usiku wa kwanza hakuiwasha. Kazi ya mizinga aliifanya kwa kienge. Nilidhani ni ubahili. Usiku wa pili mzee mmoja wa kundi letu hakurudi. Babu aliwasha chemli, akapanda mti na kuitundika juu ya tawi. Upepo ulivuma lakini taa haikuzimika. Karibu na usiku wa manane yule mzee alitokea akichechemea. Aliiona nuru toka mbali akaifuata. Ndipo nilipofahamu kwamba yale mafuta yalikuwa yakiwekwa kwa ajili ya mtu, wala si kwa ajili ya macho yetu.

Tochi ya betri nayo ilipata hataza yake Marekani mwaka 1899, na siku hizi taa ndogo za umeme wa jua ni nyepesi, tena hazihitaji mafuta. Haya ni maendeleo ya kushukuriwa. Uwindaji pia umebadilika: Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na nchini Tanzania kumulika wanyama usiku ili kuwaua ni kosa la sheria. Kwa hiyo taa ya mwituni leo ni ya kuona njia na kulinda kambi.

Hata hivyo maswali ya babu hayajapitwa na wakati. Nani ataibeba? Itastahimili upepo na mtikisiko? Nguvu yake ikiisha, itapatikana wapi nyingine? Na iliyobaki imewekwa kwa ajili ya nani? Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi maswali haya na kuwatuma kwa wazee wa vijiji vyao, wakaulize majina ya taa za zamani na namna zilivyotumika. Tukumbuke kwamba Mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961 haukufika kileleni wenyewe. Ulipandishwa kwa miguu na mabega ya watu, na kila nuru tunayoiona mbali ina mtu aliyeibeba.