Chipu, Kanda na Sheria: Gemu Lilivyoingia Kilosa na Mikumi

Ndugu msomaji, wewe unayejifunza kuandika na mimi ninayejikongoja katika kazi hiyohiyo tuna ndugu mmoja ambaye hatukumchagua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda programu ya kompyuta katika kundi moja na vitabu, hotuba na maandishi mengine. Maana yake gemu la mpira tulilolicheza Kilosa kwa shilingi mia, lile la kubonyeza pedi mpaka kidole gumba kinaota sugu, mbele ya hakimu ni jamaa wa riwaya. Aliyelinakili na kuliuza hana tofauti na mtu aliyepiga fotokopi diwani yako akaitembeza stendi.

Washikaji zangu nikiwaambia hivyo wanacheka. Mimi nilishaacha kucheka, maana kwa wengi wetu tuliokulia wilaya ile, gemu ndilo lililotufundisha kwa mara ya kwanza kwamba kazi ya kichwa inaweza kuibwa.

Hakimiliki yenyewe haikuzaliwa hapa. Waingereza walichukua sheria yao ya mwaka 1911 wakaivika Tanganyika mwaka 1924, kama mtu anavyovishwa koti la baba. Mwaka 1966 Bunge letu likatunga ya kwetu, nayo ikakaa kabatini. Bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na mtu aliyetaka wimbo alikwenda kwenye duka la kurekodia kanda, akaacha orodha yake, jioni akarudi kuchukua. Mwenye duka alilipwa. Mwanamuziki aliusikia wimbo wake ukipigwa kwenye daladala, basi. Hakuna aliyeita polisi, na sidhani kama wengi walijua kwamba kuna la kuitia polisi. Julai 1994 Tanzania ikajiunga na Mkataba wa Berne, Januari 1995 ikawamo katika Shirika la Biashara Duniani tangu siku lilipoanza, kisha ikaja sheria ya 1999, na mwaka 2001 COSOTA ikaanza kazi. Ukivuka maji kwenda Zanzibar utakuta sheria nyingine, ya 2003, na chombo kingine, COSOZA. Hayo tuwaachie mawakili.

Shika ramani sasa. Kilosa ni mji wa reli, Reli ya Kati inapita hapo. Mikumi ni mji wa barabara, njia kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, inayoikata katikati hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Kati ya miji hii miwili, enzi ninazozisimulia, palikuwa na barabara ya vumbi, pamoja na tawi la reli linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Kitu kipya kilichotoka Kariakoo kilifika kwanza Mikumi, kwa sababu basi halingoji. Kilosa tulikipata baadaye, na mara nyingi kilikuwa kimeshachezewa. Tuliwaonea wivu wa Mikumi kwa hilo, nao walijua.

Tusisahau kwamba Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo tivii nyingi za mwanzo mitaani kwetu zilikuwa za kuonyeshea mikanda ya video katika vibanda umiza, na gemu lilipoingia lilipanga chumba humohumo. Mashine za kwanza zilikuwa zile za kuchomeka kaseti, zenye majina ya ajabu na picha za wanajeshi kwenye boksi. Zote zilikuwa wajukuu haramu wa mashine moja ya Kijapani, Famicom, ambayo Nintendo waliitoa mwaka 1983. Walipoipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES waliiwekea kufuli, kijipande cha umeme kinachokataa kaseti ambayo kampuni haikuibariki. Ile ya Kijapani haikuwa na kufuli. Wanakili wa Asia si wajinga, wakanakili isiyo na kufuli, na ndiyo iliyozunguka dunia mpaka ikafika kwetu. Kaseti iliandikwa kuwa ina gemu laki tisa na ushee. Ukizihesabu zilikuwa nane au tisa, zinajirudiarudia kwa majina mapya. Hata mwizi alikuwa anaibiwa.

PlayStation ilikuwa jambo jingine. Sony waliitoa Japani Desemba 1994, Marekani na Ulaya mwaka uliofuata, na PlayStation 2 ikafuata Machi 2000. Niliyoiona kwanza mimi ilishuka kwenye basi Mikumi, imefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Sahani zilizokuja nayo ziliandikwa kwa kalamu ya wino. Katika miaka yangu yote ya kukaa kwenye mabenchi yale, Kilosa na Mikumi, sikuona sahani halisi hata moja, ile yenye jalada na kijitabu.

Na hapo ndipo fundi anapoingia. Sahani halisi ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na siri karibu na kitovu chake. Mstari unaosomwa na mwanga ulikuwa ukiyumba kidogo kwa makusudi, na ndani ya kuyumba huko mlifichwa herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine ya kawaida ya kuchomea CD haiwezi kuiga kuyumba huko. PlayStation ikiwaka inatafuta herufi zake kwanza, ikizikosa haichezi. Chipu ilikuwa kompyuta ndogo kuliko ukucha, yenye vimiguu vinane, na kazi yake ilikuwa moja tu: kunong'oneza herufi zile kila mashine ilipouliza. Fundi, ambaye juzi alikuwa anatengeneza redio za mkulima, alifungua boksi, akalehemu waya nne tano kwa risasi, akafunga. Kazi ya saa moja, ukiwapo umeme. (Bwawa la Kidatu, mitambo yake ya megawati 204, liko jirani zetu kabisa, mgao wa 2006 ulipokuja tulikaa gizani sawasawa na watu wa Dar.)

Angalia vizuri kufuli lile lilikuwa linafunga nini. Lilizuia sahani iliyonakiliwa, sawa. Lakini lilizuia pia sahani halali. Mtu aliyenunua gemu Marekani kwa fedha yake, akarudi nalo akalitia kwenye mashine ya Ulaya, alikataliwa vilevile, kwa kuwa herufi hazilingani. Na Afrika haikupewa herufi zake. Tulikuwa wageni kwenye mlango wowote tuliobisha.

Kesi ya chipu iliyonivutia kuliko zote haikutoka kwetu, ilitoka Australia. Sony walimshitaki Eddy Stevens, aliyeuza na kufunga chipu. Mwaka 2002 jaji wa kwanza alimpa Stevens ushindi, mwaka 2003 majaji wa rufani wakawapa Sony, na Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya nchi ile, iliyo ya juu kuliko zote, ikamrudishia Stevens. Hoja yake ni tamu kwa mtu anayependa maneno. Sheria yao wakati ule ilikataza chombo cha kukwepa kinga inayozuia kunakili. Majaji wakasema: kufuli la PlayStation halizuii kunakili. Sahani ikifika kwenye mashine imeshanakiliwa zamani. Kufuli linazuia kucheza. Wabunge wa Australia hawakufurahi, na mwaka 2006 wakairekebisha sheria. London nako, mwaka 2004, Sony walishinda kesi ya chipu kama hizohizo. Neno moja, nchi mbili, hukumu mbili.

Nikaichukua sheria yetu ya 1999 nikaisoma kwa jicho hilo. Ni ya Kiingereza, kama zilivyokuwa karibu sheria zetu zote, na fundi wetu Kiingereza chake kiliishia kwenye maandishi ya nyuma ya redio. Ndani mna kifungu kinachokataza kutengeneza au kuingiza nchini, kwa ajili ya kuuza au kukodisha, chombo cha kukwepa kinga inayozuia kunakili. Ebo! Ni mlango uleule wa Stevens. Tena fundi wa Kilosa hakutengeneza chipu wala hakuingiza nchini. Aliinunua Dar akailehemu. Wakili mzuri angempigania. Sahani zenyewe, hapana, hizo hazina utetezi: aliyevunja haki hizi kibiashara aliandikiwa, kwa kosa la kwanza, faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kibanda kizima, pamoja na benchi na paa, hakikufikia hata sehemu ndogo ya faini hiyo.

Lakini nimesema gemu lilitufundisha kitu, na sijakisema bado.

Gemu letu kubwa lilikuwa la mpira, Pro Evolution Soccer la Konami. Konami hawakuwa na kibali cha majina ya timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea iliitwa London FC. Kabla ya hapo Roberto Carlos wa Brazil aliwahi kuitwa Roberto Larcos, herufi zimepinduliwa ili mtu asidai. Kampuni ya Kijapani ilikuwa inaogopa sheria, na sahani yake iliyoibwa ikatuletea woga huo Kilosa bila sisi kuuelewa. Tulidhani ni makosa ya uchapaji.

Gemu lilikuwa na sehemu ya kurekebisha majina na jezi. Kijana mmoja wa kwetu, nimwite hivyo tu, alikaa humo karibu mwezi mzima. Merseyside Red akaifanya Simba, jezi ilikuwa tayari nyekundu. Timu nyingine akaivika kijani na njano, ikawa Yanga. Akaandika wachezaji mmoja mmoja kwa pedi, herufi kwa herufi. Nani ana mbio, nani anapiga mashuti ya mbali, kipa yupi ana mikono ya siagi. Alisikiliza mechi redioni, akirudi anapunguza au kuongeza nguvu za mtu. Mabishano juu ya alama zake yalikuwa marefu kuliko mechi. Yote hayo yalihifadhiwa kwenye memori kadi moja aliyoining'iniza shingoni kwa uzi kama hirizi.

Mwenye kibanda mmoja wa Mikumi akaiomba aione. Aliirudisha kesho yake. Wiki iliyofuata kibandani kwake palikuwa na bango la mkaa: SIMBA NA YANGA NDANI, na bei imepanda. Yule kijana alipanda gari la mizigo mpaka Mikumi kudai. Nilikuwa naye. Mwenye kibanda hakumtukana, alimwuliza kwa upole kabisa: "Sasa mdogo wangu, nimekuibia nini? Kadi yako si unayo?"

Hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo, na nimeshindana na swali lile tangu siku hiyo. Sheria inalo jibu la juujuu: mkusanyiko uliopangwa kwa ubunifu waweza kulindwa, ila wa kwake umejengwa juu ya kazi ya Konami, kwenye sahani ya wizi, kwa majina ya watu ambao hakuwaomba. Hakimu angewafukuza wote wawili. Hata hivyo nilimwona uso wake tukirudi. Ile ndiyo hakimiliki kabla haijaandikwa namba ya kifungu.

Miaka ileile muziki wetu ulikuwa ukipita tundu hilohilo. Professor Jay alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, ndani yake mna Ndio Mzee, wimbo wa mwanasiasa mwenye ahadi zisizo na mwisho. Wasanii wengi wa wakati ule waliuza masta kwa msambazaji kwa fedha ya mkupuo, na kanda zilizobaki ziliuzwa na yeyote mwenye redio ya deki mbili. Mwaka 2015 jimbo la Mikumi likamchagua Joseph Haule, Professor Jay huyohuyo, kuwa mbunge wake mpaka 2020. Siku moja katika miaka hiyo nilisimama stendi ya Mikumi mbele ya kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye simu. Kwenye kompyuta ya jamaa palikuwa na folda mbili jirani: gemu za PlayStation 2, maana tangu 2008 palikuwapo njia ya kuziendesha kwa memori kadi maalumu bila kufungua mashine, na nyimbo za Bongo Flava, za mbunge zikiwamo. Bei moja, kompyuta moja.

Kwangu folda zile hazilingani. Gemu halikuwa na duka Mikumi. Asiyelinunua kwa fundi asingelipata kabisa, na kampuni haikukosa mteja. Mwenye wimbo anapita barabara hiyohiyo, anakula chipsi hotelini hapohapo. Wapo watakaosema wizi ni wizi, nao wana haki yao. Ila dunia yenyewe imekubali tofauti ya namna hiyo: Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi maskini kabisa, Tanzania ikiwamo, muda mpaka Julai 2034 kabla ya kubanwa na mkataba wake wa mali za akili. Sisi tulijifunga wenyewe mwaka 1999, na tukaufunga mlango wa gemu na wa wimbo kwa kufuli moja, ambalo halikumzuia mtu stendi.

Huko kwingine hawana mzaha. Februari 2022 Gary Bowser, raia wa Kanada aliyekuwa katika kundi la wauza vifaa vya kufungulia mashine za Nintendo, alihukumiwa Marekani kifungo cha miezi 40, na kulipa mamilioni ya dola juu yake. Fundi wetu wa Kilosa sijui kama alizipata habari hizo. Nilimkuta hivi karibuni, bado ana meza ileile na taa ileile ya kuinamia. Chipu hakuna anayeulizia tena. Anafungua simu zilizofungwa na kampuni za ng'ambo zisikubali laini za hapa, na siku niliyopita kulikuwa na watu watatu kwenye benchi wanasubiri zamu.