Msaada mdogo kwa wachapishaji wa vitabu: mafundisho kutoka Afrika ya Mashariki

Tukishika kitabu mkononi twaangalia jina la mwandishi, twatazama picha, halafu twauliza bei. Mara chache twauliza: nani alilipa gharama yote kabla haijauzwa hata nakala moja? Mwandishi siye. Mpiga chapa siye, maana yeye hutaka malipo yake kazi ikiisha, wala hangoji vitabu viuzwe. Katikati yao yuko mtu wa tatu, ndiye mchapishaji. Huyu hupokea maandiko, huyasahihisha, hutafuta mchoraji, hununua karatasi, humlipa mpiga chapa, na kisha hupeleka nakala madukani. Baada ya hayo hungoja fedha zake zirudi. Pengine hungoja mwaka mzima, pengine miwili. Asipokuwa na akiba, ataanguka hata kama vitabu vyake ni vizuri.

Katika makala hii twataka kueleza jinsi wachapishaji wa Afrika ya Mashariki walivyotafuta msaada wa kuvuka muda huo wa kungoja. Jambo hili latuhusu sisi tusomao Kiswahili, kwa sababu vitabu vingi vya lugha hii hutoka kwao. Tena mafundisho yake yanafaa kila mahali ambapo watu wachache wanataka kutoa vitabu bila kutegemea serikali wala kampuni kubwa ya ng'ambo.

Mwanzo wa mambo

Wakati wa utawala wa Waingereza, mwaka 1948, serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha East African Literature Bureau, ofisi ya kutoa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Fedha zake zilitoka serikalini. Baada ya uhuru ikaja East African Publishing House mjini Nairobi, mwaka 1965, na Tanzania Publishing House mjini Dar es Salaam, mwaka 1966. Nyumba hii ya Dar es Salaam ilijulikana mbali. Mwaka 1972 Walter Bgoya alianza kuiongoza, na katika siku zake ilitoa, pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, kitabu cha Walter Rodney kiitwacho How Europe Underdeveloped Africa, kilichosomwa ulimwenguni kote.

Lakini sifa hailipi deni la karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanzania iliingia katika shida kubwa ya uchumi. Fedha za kigeni zilikosekana, na bila fedha hizo karatasi, wino na vyuma vya mashine havikuweza kuagizwa. Tena vitabu vya shule ndivyo ugali wa mchapishaji, na hadithi ni mboga tu. Nchini Tanzania ugali huo ulikuwa mikononi mwa mashirika ya serikali mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Basi, mtu aliyetaka kuanzisha nyumba yake mwenyewe angeishi kwa nini?

Kuomba kwa njia gani?

Mwaka 1984 wachapishaji wa Afrika na rafiki zao walikutana Arusha, wakialikwa na Dag Hammarskjöld Foundation, shirika la Sweden. Walijadili namna Waafrika wangeweza kujitolea vitabu vyao wenyewe kwa nguvu zao. Jambo moja lilionekana wazi: mabenki hayakuwakopesha wachapishaji. Mwenye shamba aweza kuweka rehani ardhi, na mwenye lori aweza kuweka rehani lori. Je, mchapishaji aweke nini? Rundo la karatasi zilizoandikwa si kitu machoni pa mtu wa benki.

Kwa hiyo shirika hilo likajaribu njia mpya nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980. Halikuwagawia wachapishaji fedha. Lilijiweka mdhamini wao mbele ya benki, ili wakope kama wafanya biashara wengine na kulipa kama wengine. Twaona hekima ya jambo hilo. Aliyepewa bure huenda akasahau kuhesabu, lakini aliyekopa huhesabu kila siku.

Nchini Tanzania njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa CODE, shirika la Kanada. Mwaka huohuo Bwana Bgoya, akiwa ameacha nyumba ya serikali, alianzisha nyumba yake mwenyewe, Mkuki na Nyota. Utaratibu wa mradi ulikuwa hivi. Mchapishaji alileta maandiko ya kitabu cha watoto kwa Kiswahili. Kamati iliyasoma na kuyapima. Yakikubaliwa, mchapishaji alitoa nakala 5,000 kwa gharama yake. Mradi ulinunua nakala 3,000 na kuzigawa katika shule na maktaba. Nakala 2,000 zilizobaki zilikuwa zake, aziuze mwenyewe madukani.

Tutoe mfano wetu wenyewe, ili hesabu ieleweke. Tuseme kila nakala imemgharimu mchapishaji shilingi 600. Nakala 5,000 zitakuwa shilingi 3,000,000. Mradi ukinunua nakala 3,000 kwa shilingi 1,000 kila moja, gharama yote imerudi. Hana hasara. Lakini faida yake iko wapi? Imelala ndani ya zile nakala 2,000. Akizitembeza, atapata fedha za kitabu cha pili. Akiziacha ghalani, mchwa watazisoma kabla ya watoto.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya msaada na msaada. Mradi haukulipa maneno mazuri ya barua, ulilipa kitabu kilichokwisha kutoka. Tena haukumwondolea mchapishaji kazi yake yote, ulimwachia sehemu ya mzigo. Kwa njia hiyo vilitoka vitabu vya watoto zaidi ya 200, na shule ambazo zilikuwa na kitabu cha mwalimu tu zikapata vitabu vya kusoma kwa furaha.

Mfadhili akiondoka

Hata hivyo tusisifu bila kupima. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msaada ni mgeni. Mchapishaji akizoea kutoa vile tu vitakavyopendwa na kamati, na kungoja tu mnunuzi mmoja mkubwa, amebadili bwana, hajawa huru. Siku mnunuzi huyo akiondoka, nyumba itafungwa.

Tuna mifano miwili ya kutufundisha. Mwaka 1992 wachapishaji wa Afrika waliunda umoja wao, African Publishers' Network, wenye ofisi Harare. Ulifanya kazi njema ya kufundisha watu na kuwakutanisha. Lakini ulitegemea sana wafadhili, na wafadhili walipopunguza mkono, nguvu zake zikapungua sana. Mfano wa pili ni African Books Collective, iliyoanza kuuza vitabu vya Afrika kutoka Oxford, Uingereza, mwaka 1990. Nayo ilisaidiwa na wafadhili kwa miaka mingi. Lakini ilikuwa mali ya wachapishaji wenyewe, na kazi yake ilikuwa kuuza. Tangu mwaka 2007 imejitegemea kwa mapato yake. Wote wawili walisaidiwa. Aliyekuwa na kitu cha kuuza alibaki amesimama.

Mashauri kwa mwenye kuomba

Pengine kati yenu wako waalimu au vijana wanaotaka kutoa vitabu na kuomba msaada mdogo. Kutokana na historia hii twawashauri mambo manne.

Kwanza, omba kwa ajili ya kitabu kimoja kinachojulikana, chenye maandiko yaliyokwisha sahihishwa. Usiombe kwa ajili ya "maendeleo ya vitabu" kwa jumla, kwa maana hakuna awezaye kuyapima.

Pili, andika hesabu yote: mchoraji, karatasi, chapa, usafiri. Wengi husahau usafiri, kumbe katika nchi ya barabara mbaya usafiri waweza kula faida yote. Na ukipewa, tunza daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, sema wazi utatoa nini wewe mwenyewe, hata kama ni kazi ya mikono yako tu. Mwenye kusaidia hupenda kumwinua aliyekwisha inama kushika mzigo.

Nne, onyesha nakala zitakwenda wapi: shule zipi, maduka yapi, soko lipi. Kitabu kisichokuwa na njia ya kufika kwa msomaji ni gharama tu.

Na sisi tusiochapa kitu, je, hatuna sehemu? Tunayo. Mashirika ya Sweden na Kanada yalinunua muda tu, ili mchapishaji aweze kungoja. Yule aliyekuwa akingojewa ni msomaji. Mzazi anunuaye kitabu kimoja kwa mtoto wake, na mwalimu ashawishiye shule yake kununua vitabu kumi, hutoa msaada ambao hauhitaji barua wala kamati. Tena msaada huo hauondoki mfadhili anapoondoka. Basi, safari nyingine tukiona kitabu cha Kiswahili sokoni, tusiulize bei tu na kupita.